Kitenge Kina Kichwa

Cheo ni nguo ya kuazima, na Lwaboshi, aliyeshika sindano tangu ndevu hazijamwota, alipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Lakini ndivyo tulivyo. Mwenye kuwapima wenzake kila siku husahau kujipima mwenyewe.

Aliingia kambini akitokea Uvira, Kongo, na mali yake yote ilikuwa kichwa cha cherehani alichokuwa amekibeba begani, kimeviringishwa ndani ya shuka kama mtoto mgonjwa. Alijipigia meza kwa mbao za makreti akaanza kutia viraka. Viraka vikaleta kaptula, kaptula zikaleta magauni, na cherehani moja ikavuta ya pili. Baada ya miaka kumi na minne alikuwa na cherehani tisa ndani ya nyumba ya matofali mabichi yenye bati jipya, na watu wote waliiita atelier, yaani karakana, hata Wamalawi wa vijiji vya jirani waliokuja kushonewa. Sare za kwaya zilitoka pale. Sare za shule zilitoka pale. Wachungaji wa Mponela walipanda baiskeli za kabaza kufuata suti zake.

Na mshonaji hujua mengi. Mtu akisimama kupimwa, mikono juu, hana pa kujificha, basi huanza kusema. Lwaboshi alisikia nani paa lake linavuja, nani kakatwa jina kwenye orodha ya chakula, nani mtoto wake kafukuzwa shule. Alisikiliza, futi ikining'inia shingoni, na mara nyingi aliliacha jora mezani akaenda kumsemea mtu ofisini. Kwa hiyo, uchaguzi wa viongozi wa jamii ya Wakongomani ulipokaribia, wengi walimwambia agombee uenyekiti. Wengine walisema kwa moyo, wengine walimvika kilemba cha ukoka. Vyote viwili vilimkaa vizuri kichwani.

Katika atelier ile fundi wake bora alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aitwaye Nella. Mama yake, mkulima kutoka Fizi, alifia kambini Nella akiwa na miaka kumi na mmoja, na kabla ya kukata roho aliushika mkono wa mtoto akauweka ndani ya mkono wa Orpa, mke wa Lwaboshi. Nella akalelewa pale kama aliyezaliwa pale, akawaita wale wawili mama na papa.

Siku ya kwanza aliyoketi mbele ya cherehani, Lwaboshi alimfundisha sheria aliyomfundisha kila mwanafunzi wake.

"Kitenge iko na kichwa," alimwambia. "Kama haujaona kichwa, usiguse makasi."

Maana yake ni hii. Kuna vitenge vya maua, ukivigeuza huku au kule ni sawa tu. Lakini vipo vya picha, vya ndege, vya taa, vya mikono, ambavyo picha zake zote zinaangalia ncha moja ya kitambaa. Kitenge cha namna hiyo hakikunjwi ncha kwa ncha ili kukatwa mara mbili kwa mpigo mmoja wa mkasi. Ukikikunja hivyo, kipande cha juu kitasimama na cha chini kitapinduka. Hukunjwa upande kwa upande tu, au hukatwa kimoja kimoja, polepole, kila kipande kichwa juu. Lwaboshi alikuwa mkali kwa hilo. Alipita nyuma ya wanafunzi wake akipapasa kila tabaka kwa kiganja kabla hajawaruhusu kukata, na aliyekosea alifagia atelier juma zima.

Basi mke wa Pasta Gaspard wa kanisa la kambini, Mama Fortunée, akafariki. Alikuwa ameuguza nusu ya wagonjwa wa kambi kwa mikono yake, na siku ya kuondoa matanga ilipopangwa, wamama wa kanisa waliamua kuvaa sare. Ndiyo desturi yetu, matanga hayaondolewi na watu waliovaa kila mmoja lake. Mama Marguerite, mkubwa wa wamama, alikwenda Lilongwe mwenyewe akarudi na jora la kitenge cha buluu chenye ndege weupe, mabawa wazi, wanapanda juu. Alipolifungua mbele ya wenzake wengine walilia. Walisema, hivi ndivyo alivyokwenda.

Blauzi arobaini, siku tisa. Na siku hizo tisa ziliangukia katikati ya kampeni.

Alhamisi asubuhi Lwaboshi alikuwa peke yake mezani. Kukata walikuwa wakipokezana yeye na Nella, na siku hiyo ilikuwa zamu yake. Simu iliita mara tatu: wazee wa watu wa Bukavu pale kambini walikuwa wanamngoja, na mpinzani wake alikwisha kuwatangulia. Alilitazama jora, akaitazama saa. Kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya maisha yake yote. Akakunja ncha kwa ncha, tabaka juu ya tabaka, akapiga alama kwa kipande cha sabuni kama kawaida yake, akakata kifua na mgongo kwa mpigo mmoja. Mkono ulijua, macho yalikuwa kwa wazee wa Bukavu. Mapema mchana vipande vyote vilikuwa vimefungwa mafungu mafungu, na yeye alikuwa njiani, shati limepigwa pasi.

Nella ndiye aliyeona. Aliunga blauzi ya kwanza, akaigeuza. Akafungua fungu la pili, la tatu. Kisha akatoka akamfuata Lwaboshi hadi kwenye ua alikokuwa akizungumza na watu, akasimama kando mpaka alipomwona.

"Papa, mindege ya mugongo inaangalia chini," alimwambia kwa sauti ndogo. "Yote."

Jora lilikuwa limekwisha, na Lilongwe hakukuwa na wakati wa kwenda. Nyuma yake mzee mmoja alikuwa anamsubiri amalize sentensi.

"Shona vile vile," alisema. "Bantu banaangaliaka mbele. Nani ataangalia mugongo?"

Nella akarudi akashona.

Blauzi zilifika kanisani asubuhi ya matanga yenyewe, zimekunjwa, kifua juu. Wamama walizivaa haraka haraka, kila mmoja akamsifu mwenzake wa mbele yake, kisha wakajipanga mstari mmoja kuingia. Hapo ndipo ilipoonekana. Mtu hauoni mgongo wake, lakini katika mstari huuona wa mwenzake. Mama wa pili aliuona wa kwanza, wa tatu akauona wa pili, na mnong'ono ukaenda nyuma hadi mlangoni, na wimbo ukafia njiani. Migongo arobaini ya buluu, na juu ya kila mgongo ndege weupe wanaanguka, vichwa chini, kwenda ardhini. Pasta Gaspard alikuwa ameketi mbele. Wamama walipogeuka kuitazama picha ya marehemu, akaiona migongo yote kwa pamoja, akafunika uso kwa mikono.

Nje, baada ya ibada, Mama Marguerite alisimama mbele ya Lwaboshi na watu wote waliokuwepo.

"Nani alikata?" aliuliza. "Mutwambie tu. Nani alimuangusha Mama Fortunée namna hii?"

Uchaguzi ulikuwa siku nane mbele. Lwaboshi alifungua kinywa, na jina lake mwenyewe lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Hakulisema. Hata la Nella hakulisema, na hili alijitetea nalo muda mrefu baadaye, kwamba hakumtaja mtu. Alimtazama tu. Aligeuza shingo akamtazama Nella, na watu wote wakageuka pamoja naye.

Nella alimngoja aseme. Alipoona hasemi, akainamisha macho. Mtoto hambishi mzazi mbele ya watu, na huyu ndiye aliyekuwa mzazi wake. Mama Marguerite akatema mate kando akaondoka.

Watu walimpa Lwaboshi kura, na nyingi. Nella alikaa nyumbani majuma mawili, hakuna mama aliyejibu salamu yake kisimani, kisha akachukua mfuko wake akaenda Lilongwe. Orpa alimsindikiza hadi barabarani.

Nisimwonee. Alikuwa mwenyekiti mzuri. Alipigania bomba la pili la maji mpaka likawekwa, na waliokatwa kwenye orodha ya chakula aliwarudisha wengi kwa kusimama tu mlangoni pa ofisi kila siku hadi wamchoke. Watu walimwita prezida, wakasema huyu ni baba. Lakini atelier alimwachia fundi mwingine, na yeye hakukata tena. Alisema kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba hata siku asizokuwa na kazi hakuugusa mkasi.

Alikwenda Lilongwe mara kwa mara kwa mikutano. Aliambiwa kwamba Nella yuko mtaa wa Mtandire, ana kibanda cha kushona, na anatengeneza pia cherehani za umeme zilizowashinda wengine. Aliambiwa pia kwamba kila inapotangazwa wakimbizi warudi kambini, anafunga kibanda anajificha kwa jirani, kwa sababu karatasi za kuishi nje ya kambi hana, na kambini hana uso wa kurudi nao. Njia ya mkato ya kutoka stendi ilipita Mtandire. Lwaboshi alizunguka.

Ikapita miaka miwili hivi. Muhula wake ulikuwa unakwisha, na hakuna aliyejitokeza kushindana naye. Ndipo shirika moja likaleta habari njema: kituo cha kufundisha ushonaji, cherehani kumi na tano za umeme, na mwalimu atoke katika jamii yenyewe, apewe kibali na nyumba ndani ya kambi. Jina lipelekwe kabla ya Ijumaa ya juma lililofuata. Baraza likakutana, na karani wake, kijana mtaratibu aitwaye Étienne, akasoma jina moja.

"Njo huyu tu anajua mashini ya umeme," alisema. "Nella, ule alikulia kwa prezida."

Mama Marguerite hakungoja amalize.

"Ule wa mindege? Hapana. Atafundisha batoto betu kuzika bantu kichwa chini?"

Wamama wengine wakaitikia kwa kuguna. Pasta Gaspard aliangalia sakafu. Wote wakamgeukia Lwaboshi, kwa kuwa kwa desturi mwenyekiti husema mwisho, na akisema, neno limefungwa. Alikuwa na neno la kulifungua. Akasema tuahirishe, tutakutana tena Jumatano.

Nyumbani Orpa alikuwa anapika nsima, ugali wa huku Malawi. Alikwisha kuzisikia habari, kambi haina ukuta. Alimwacha anawe, ale, amalize, na alipokuwa anakusanya sahani ndipo alipozungumza.

"Mi niliona sabuni."

Lwaboshi hakuuliza sabuni gani.

"Ile siku nilifagia atelier," Orpa aliendelea. "Nilipata mabaki ya kile kitenge. Ilikuwa na alama ya sabuni. Nella anapigaka craie, ile chaki ya kushonea. Njo we peke yako unapigaka sabuni, tangu Uvira." Aliweka sahani chini. "Nilinyamaza juu we ni bwana yangu. Nilisema, atasema mwenyewe kesho. Nimengojea ile kesho miaka mbili. Mama ya ule mutoto aliniwekea mukono yake humu," akakikunjua kiganja chake mbele ya mumewe, "na mi nilimusindikiza ku barabara na mufuko."

Alilia bila sauti. Lwaboshi alitaka kumshika bega akashindwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka miwili alikuwa amemtwika mtoto na kuuona mwepesi, na kumbe nyumbani mwake mlikuwa na mwingine aliyeubeba pamoja naye.

"Nikisema, nimekwisha," alisema. "Kiti na jina, vyote."

"Ndiyo," Orpa alisema. "Na yeye njo vile alikwisha."

Jumatano ukumbi ulijaa. Lwaboshi aliingia na kifurushi kwapani, na watu walidhani ni makaratasi. Hakuketi kwenye kiti chake. Aliisogeza meza katikati, akafungua kifurushi, akatandaza kipande cha kitenge kilekile cha buluu ambacho Orpa alikuwa amekihifadhi chini ya godoro. Ndege weupe walikuwa wanapanda. Kelele zikakatika.

Hakutoa hotuba. Alikunja kitambaa ncha kwa ncha. Akatoa kipande cha sabuni mfukoni akapiga alama, akashika mkasi kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Akakata matabaka mawili kwa pamoja. Kisha akainua vipande viwili, kimoja mkono huu, kimoja mkono ule. Ndege wa mkono wa kulia walikwenda juu. Wa mkono wa kushoto walikwenda chini.

"Njo vile nilifanya," alisema. "Mi. Ile Alhamisi, juu nilikuwa nakimbilia kwa bazee. Nella aliona, akakuja kuniambia. Nilimuambia ashone tu. Na ku kanisa Mama Marguerite aliuliza nani alikata, mi nikaangalia mutoto."

Mama Marguerite alikuwa ameshika kinywa. Aliyesimama alikuwa Pasta Gaspard, polepole, akiegemea kiti cha mbele yake.

"Miaka mbili," alisema, "kila asubuhi niko naomba Mungu anisaidie kusamehe ule mutoto. Kila asubuhi nashindwa, naanza tena. Kumbe nilikuwa nasamehe mutu hakunikosea." Alimgeukia mwenyekiti. "Papa Lwaboshi, hiyo maombi yote utanirudishia namna gani?"

Pasta aliketi. Lwaboshi alisubiri kutukanwa, na angependa watu wamtukane, lakini hakuna aliyempa nafuu hiyo. Baada ya muda Mama Marguerite alimwambia Étienne, kwa sauti iliyokwaruza, "Andika jina ya mutoto." Étienne akaandika. Lwaboshi alitoa mhuri wa jamii mfukoni, akaugonga juu ya karatasi ile mara moja, kisha akauacha hapohapo mezani, akakusanya vipande vyake viwili vya kitenge akatoka. Watu walimpisha njia. Hakuna aliyemwita prezida.

Kesho yake asubuhi alipanda kabaza hadi barabara kubwa, akapata gari la Lilongwe, na aliposhuka stendi alishika njia ya mkato. Mtandire palikuwa pameanza kuchangamka, wauza mkaa, wauza nyanya, vibarua wakisubiri kuitwa. Alimwuliza mama mmoja, akaelekezwa kwa kidole. "Zikomo," alishukuru kwa Kichewa, akaenda akiwa amevua kofia.

Kibanda kilikuwa cha mabati, mlango wazi. Nella alikuwa ameinama juu ya meza, amekonda kidogo, kitenge cha mteja kimetandazwa mbele yake, cha taa za njano. Aliinua macho. Hakushtuka, au hakuonyesha. Alivuta kigoda kwa mguu akamsogezea, kwa sababu alilelewa vizuri, na aliyemlea alikuwa amesimama mlangoni.

Lwaboshi hakuketi. Alimpa nakala ya karatasi ile yenye mhuri, aliyopewa na Étienne. Nella aliisoma mara mbili.

"Bamama balikubali?" aliuliza.

"Balikubali."

"Muliwaambia nini?"

"Ukweli."

"Mbele ya nani, Papa?"

"Mbele ya bote."

"Pasta alikuwa?"

"Alikuwa."

Nella aliikunja karatasi, akaiweka chini ya bati la mashine isipeperuke. Aligeuka kuelekea ukutani, na mabega yake yakatikisika, muda mrefu kuliko Lwaboshi alivyoweza kuvumilia, lakini alivumilia. Alijua kwamba hakuwa na haki ya kumwambia nyamaza. Maneno ya kuomba radhi aliyokuwa ameyapanga njia nzima yalikuwa kinywani, akayaona ni madogo, akayasema hivyohivyo madogo.

"Nilikukosea, mwanangu."

Nella alipangusa uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Aliitazama meza, kazi ya mteja ilikuwa ya saa nne na saa nne ilikuwa inakaribia. Akamsogezea ule upande mmoja wa kitenge.

"Munisaidie kukunja," alisema.

Lwaboshi alikitafuta kichwa. Alikipata, taa zote zilikuwa zinaangalia upande wa mlango. Alikunja upande kwa upande, si ncha kwa ncha, akanyoosha, akasogea nyuma akashusha mikono. Nella alikuja upande wake wa meza. Akafunua tabaka la juu, akaangalia. Akapitisha kiganja chini ya la pili, polepole, akaangalia tena, kama alivyofundishwa, na mzee yule alisimama pembeni na kofia yake mkononi akingoja aambiwe kama amekosea.

Ndipo Nella aliposhika mkasi.